Mtandao ukikatika, nani anaamua? Kuzuia ugomvi ndani ya timu ya tukio la mtandaoni

Ugomvi mwingi unaozuka katikati ya tukio la mubashara hauna uhusiano na tabia za watu. Huzuka kwa sababu kitu kimeharibika na hakuna aliyejua mapema nani ana neno la mwisho. Fundi anasubiri amri, mratibu anadhani fundi keshaanza kushughulikia, mshereheshaji anaendelea kuongea bila kujua kama anasikika. Sekunde arobaini zikipita hivyo, kila mmoja anamwona mwenzake mzembe. Ndiyo maana siamini sana katika kuwahimiza watu wawe na subira. Naamini katika kuamua mapema.

Tuchukue kongamano la saa tatu linaloendeshwa kwa Zoom na kurushwa YouTube, wazungumzaji wakiwa Dar es Salaam, Lubumbashi na Muscat, na ukalimani wa Kiswahili na Kifaransa. Hapo unahitaji mwongozaji, fundi mitambo, mtu wa kuwapokea wazungumzaji, msimamizi wa maswali, mshereheshaji, na mtu mmoja wa kuzungumza na mteja. Timu ikiwa ndogo, anayepokea wazungumzaji anaweza kushika na maswali. Lakini mwongozaji asiwe fundi mitambo. Sauti ikikata, macho na mikono ya fundi vyote vimo kwenye OBS au vMix, yaani programu ya kurushia matangazo, na dakika hiyohiyo lazima awepo mtu anayetazama saa na kuamua kinachofuata.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama: fundi apokee amri kwa mwongozaji pekee, hata mkurugenzi wa taasisi akiwa ndani ya chumba. Hili mteja aambiwe siku za maandalizi, kwa heshima, naye akubali.

Mteja mara nyingi hutazama kupitia YouTube, na huko matangazo huchelewa, mara nyingi kwa nusu dakika hivi kwenye mpangilio wa kawaida. Tuseme maikrofoni imekata, fundi akairudisha ndani ya sekunde kumi. Muda kidogo baadaye mteja ndipo anausikia ule ukimya, anaandika WhatsApp: “Sauti hakuna!” Fundi anarudi kugusa kitu kilichokwisha kutengemaa na kukiharibu upya. Sasa kila upande una hakika mwingine ndiye mwenye kosa, na kila upande una ushahidi wake.

Dawa yake ni kupima ucheleweshaji siku ya mazoezi. Weka mbele ya kamera saa inayoonyesha sekunde, shika simu yenye YouTube pembeni, toa tofauti, kisha andika namba hiyo juu kabisa ya ratiba. Malalamiko yote yapitie kwa yule mtu wa kuzungumza na mteja, yakiwa na muda na mahali: “10:12:30, YouTube, sauti ya mzungumzaji haipo.” Yeye ndiye atakayeondoa ucheleweshaji huo kwenye muda ulioandikwa na kujua kama tatizo bado lipo. Kundi la mteja la WhatsApp lisifunguliwe kabisa kwenye skrini ya fundi.

Mawasiliano ya timu yenyewe yawe nje ya Zoom, kwa simu ya kundi inayotumia intaneti nyingine, sikio moja likiwa na kisikilizio. Zoom ikianguka na mkawa mnaongea humohumo, mmepotea wote. Amri iwe fupi: jina kwanza, kitendo, halafu jibu. “Fundi, slaidi ya kusubiri.” “Imepanda.” Swali la “kwa nini?” lisiulizwe kwenye laini hiyo hadi tukio liishe. Linachukua muda, na anayeulizwa hulisikia kama lawama hata kama hukukusudia.

Kisha andikeni viwango vya kuchukua hatua. Mzungumzaji akipotea sekunde 20, mshereheshaji anajazia. Ikifika dakika moja, anapigiwa simu ya kawaida. Ikifika dakika tatu, anayefuata anapanda. Namba zenu zinaweza kuwa tofauti na hizi; muhimu ziwe zimekubaliwa kabla. Kwenye Zoom teueni wenyeji wasaidizi (co-host) wawili walioko majengo tofauti, mapema, kwa kuwa mwenyeji msaidizi hana uwezo wa kumteua mwingine.

Suala la mgeni rasmi lina uzito wa peke yake. Akichelewa, mtu wa itifaki anataka wote wasubiri, mwongozaji anataka kuanza, na wote wawili wana haki. Amuzi hili ni la mteja, kwa maandishi, siku moja kabla: tutasubiri hadi dakika 10, baada ya hapo mwenyekiti atafungua na hotuba ya mgeni itahamia sehemu fulani ya ratiba. Bila hivyo mnawaachia watu wawili wasiokuwa na mamlaka hayo wagombane.

Ratiba iandikwe 10:00, saa za Afrika Mashariki, kisha pembeni 09:00 Lubumbashi na 11:00 Muscat. Ukiandika “saa nne” tu, kuna atakayeisoma kama saa kumi jioni.

Wakalimani husahaulika. Wawe wawili kwa kila jozi ya lugha, wapokezane kila nusu saa au chini ya hapo, wapate hotuba siku moja kabla, na wawe na mtu wa kumwambia kwamba mzungumzaji anakimbia mno.

Lawama za umeme na intaneti huzuilika kwa jina la mhusika na kipimo. Picha ya ubora wa 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde mara nyingi hurushwa kwa takriban Mbps (megabiti kwa sekunde) 4.5 hadi 6 za kupandisha. Hakikisheni mna angalau mara mbili yake, kwa waya. Laini ya akiba iwe ya kampuni nyingine, si kadi ya pili ya kampuni ileile. UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, ihudumie na ruta pia, maana laptopu yenye chaji haisaidii kitu ruta ikizima. Andikeni nani ananunua bando na kwa fedha ya nani.

Mazoezi yajaribu hitilafu, si slaidi pekee. Mwongozaji na fundi wakubaliane kuchomoa waya ghafla bila wengine kujua. Hapo ndipo mtagundua kwamba watu wawili walidhani kupiga simu ni kazi ya mwenzao.

Tukio likiisha, hifadhini rekodi na maswali, mkapumzike. Tathmini ifanyike kesho yake, nusu saa, mkiwa na kumbukumbu ya matukio yaliyoandikwa kwa muda wake. Kwa kila tatizo ulizeni: lilionekana saa ngapi, nani alilijua kwanza, na taarifa ilimfikia mwongozaji baada ya sekunde ngapi. Taarifa ikiwa imechelewa, rekebisheni njia iliyopitia na viwango vyenu kabla ya kuachana siku hiyo.