Kujenga Shule Porini Hakukupi Ardhi

"Bwana ardhi, sisi tuna shule. Watatutoaje?"

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na wiki iliyopita nimeyasikia tena kwa wazee wanne waliokuja kwa bodaboda tangu alfajiri. Walikuwa na bahasha ya picha: madarasa mawili ya tofali za kuchoma, bati jipya, watoto wamepanga mstari mbele ya mlango. Ramani hawakuwa nayo. Hawakujua kama kitongoji chao kimo ndani ya mipaka ya kijiji au ndani ya msitu wa hifadhi. Walichojua ni kwamba wamechanga miaka mitatu, wameuza ng'ombe, wamechoma tofali usiku na mchana, na kuna mtu aliwaambia kuwa darasa likishaezekwa, ardhi imekuwa yao.

Kazi yangu ni kupanga na kupima ardhi ya vijiji huku magharibi mwa Tanzania, Tabora na Katavi, ambako wakulima na wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa wamekuwa wakiingia na kufyeka miombo kwa miongo kadhaa. Nawaheshimu. Najua maana ya kuanza maisha penye nyani na mbung'o. Lakini nimechoka kufika baada ya tofali kuchomwa, ndiyo maana naandika kuhusu imani potofu za ardhi ninazozisikia kila siku.

"Tukishajenga shule na kuanzisha gulio, ardhi ni yetu"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, na nitaikalia.

Naelewa inavyozaliwa. Mtu wa kwanza anafyeka, anapata mavuno mazuri, anaita ndugu. Kaya zikifika ishirini anatokea kijana wa kuuza chumvi, sabuni na betri. Inakuja mashine ya kusaga. Panapatikana senta, halafu siku ya gulio, halafu mnada wa ng'ombe. Kanisa linajengwa kwa miti na udongo, msikiti vilevile. Watoto wanatembea mbali mno kwenda shule, basi wazazi wanajenga darasa la nyasi na kumlipa kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa debe za mahindi. Baadaye halmashauri ya wilaya inalitambua darasa hilo kama shule shikizi, yaani tawi la shule mama, na kuleta mwalimu. Mtoza ushuru naye anafika siku ya gulio na mashine yake ya risiti. Mwaka wa uchaguzi, sanduku la kura linaletwa.

Mwananchi akiangalia nyuma anaona serikali imekuwa ikimwitikia hatua kwa hatua, na anahitimisha kwamba imemkubali. Hapo ndipo anapopotea. Aliyemleta mwalimu ana wajibu kwa mtoto, na mtoto ana haki ya kusoma hata kama baba yake amejenga mahali pasiporuhusiwa. Aliyekata ushuru ana lengo la makusanyo. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye mamlaka ya kusogeza mpaka wa hifadhi, na wengi wao hawajawahi kuiona ramani yake.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, nayo imegawanywa makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Ndivyo zilivyoeleza Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Ardhi iliyotangazwa kuwa hifadhi, iwe chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 au Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, inabaki hifadhi mpaka itakapobadilishwa kwa utaratibu wa sheria na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Nimezisoma sheria hizo kwa miaka. Hakuna kifungu kinachosema darasa, zahanati, kisima au kibanda cha dawa kinabadilisha aina ya ardhi.

Hapo watu huniuliza kuhusu 2019. Ni swali la haki. Mwaka ule Rais alisimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyokuwa ndani ya hifadhi, kamati ya mawaziri ikazunguka, na Septemba serikali ikatangaza kuwa vijiji na mitaa 920 kati ya 975 vitabaki. Sikatai kwamba shule na zahanati zilizokuwepo ziliwagusa waliokuwa wakiamua, ni binadamu. Lakini tazama kilichotokea: ulikuwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri juu ya maeneo yaliyokwisha kuorodheshwa. Haukuwa ahadi kwa atakayefyeka baadaye. Na hata kati ya yale 975, yapo ambayo jibu lake lilikuwa hapana. Ukiingia porini leo kwa kutegemea 2019, unategemea kitu ambacho hakikuandikwa kwa ajili yako.

Upande wa pili kuna Mbarali, mkoani Mbeya. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipanuliwa kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008, na mwaka 2022 serikali ikatangaza kuwa vijiji 5 na vitongoji 47 vya wilaya ile vitaondoka. Vile vitano vilikuwa vijiji vilivyosajiliwa, vyenye watu waliozaliwa humo na kuzaa humo. Mtu anaweza kubishana sana juu ya haki ya uamuzi ule. Mimi nataka uone jambo moja tu: usajili haukuvikinga, majengo hayakuvikinga.

Usajili wenyewe unachanganya watu. Cheti cha usajili wa kijiji kinatambua watu na uongozi wao. Cheti cha ardhi ya kijiji ni kitu kingine: hicho ndicho kinachoonyesha mipaka iliyokubaliwa na majirani na kuithibitishia halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi. Viongozi wengi wananionyesha cha kwanza wakidhani ndicho cha pili. Na kitongoji chenye kaya mia nne, chenye mwenyekiti wake na timu yake ya mpira, kinaweza kisiwe na chochote kati ya hivyo.

Wazee wale wanne niliwaomba namba za simu za vijana wao, wakanitumia alama za GPS kutoka mlangoni mwa darasa. Nikaziweka juu ya ramani ya hifadhi. Shule iko ndani ya msitu, karibu kilomita mbili kutoka mpakani. Kilomita mbili! Wangeijenga upande wa huku wa korongo, watoto wangetembea dakika ishirini zaidi na jengo lingekuwa salama. Mzee mmoja aliinama akashika kichwa, nami sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo nawasihi: kabla ya mchango wa kwanza, nendeni ofisi ya ardhi ya wilaya mkaombe kuona ramani ya kijiji na tangazo la hifadhi mliyopakana nayo. Msiridhike na "hapo pako sawa" ya mdomo. Ombeni mtaalamu atembee mpaka pamoja na ninyi, wazee wa kijiji jirani wakiwepo, na ofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu kama mpaka wenyewe ni msitu. Bikoni, yaani nguzo za mpaka, zionekane kwa macho. Halafu eneo la shule, zahanati, soko, makaburi na malisho litengwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kama inavyoelekeza sheria ya 2007, na lipitishwe na mkutano wa kijiji. Ikishafika hapo, chomeni tofali.

Na hata ndani ya kijiji halali, eneo la shule lina mitego yake. Kuna kijiji ambako mzee mwema alitoa ekari zake kwa mdomo, watu wakapiga makofi, madarasa yakasimama. Mzee akafariki. Wanawe wakarudi kutoka mjini na kulima mahindi mpaka kwenye magoli ya uwanja, wakisema baba aliazima tu. Hakukuwa na muhtasari, hakukuwa na vipimo, hakukuwa na sahihi ya mtu yeyote. Mwalimu mkuu alikuwa akipita katikati ya mahindi kwenda ofisini. Mtu akitoa eneo, liandikwe siku hiyohiyo, lipimwe, asaini yeye na mkewe na watoto wake wakubwa.

"Nina karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti"

Mwenyekiti wa kijiji hana ardhi ya kuuza. Hata halmashauri ya kijiji nzima, wajumbe wake 15 hadi 25 wakiwa wote wamekaa, haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla mkutano wa kijiji haujaridhia. Mkutano huo ni wa wanakijiji wote waliotimiza miaka 18, na unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Karatasi ya ukurasa wa daftari, yenye maneno "nimemuuzia ekari mia" na muhuri wa bluu juu yake, ni ushahidi kwamba umetoa pesa. Mara nyingi haithibitishi zaidi ya hapo.

Nimewahi kushika karatasi tatu za eneo moja, zote zikiwa na muhuri uleule, zimeandikwa na wenyeviti watatu waliofuatana. Wanunuzi wote watatu walikuwa wamelima. Mmoja alikuwa ameshajenga nyumba ya vyumba vinne.

Unapoonyeshwa ardhi, uliza: mkutano wa kijiji ulikaa lini? Naomba kuona muhtasari na orodha ya mahudhurio. Piga picha kurasa zote, siyo ule wenye jina lako peke yake. Ukikuta mahudhurio yana mwandiko mmoja tangu wa kwanza hadi wa mwisho, funga daftari, aga, ondoka. Ninayemsimamia mimi haachi hatua hii hata kama muuzaji ni mjomba wake. Unachopaswa kuishia nacho ni hati ya hakimiliki ya kimila, iliyosainiwa na mwenyekiti na mtendaji na kusajiliwa wilayani. Watu huidharau kwa sababu ya neno "kimila". Sheria imeipa hadhi sawa na hakimiliki ya mjini.

Imani nyingine, kwa kifupi

"Nimekaa miaka 12, hakuna wa kunitoa." Miaka 12 ni muda ambao mwenye ardhi anatakiwa awe amefungua shauri la kuidai. Si zawadi kwa aliyekaa. Aliyekaribishwa na mwenyeji hubaki mwalikwa hata akikaa miaka 30, na Mahakama ya Rufani imeshaorodhesha masharti mazito kwa anayetaka kujipatia ardhi ya mwingine kwa kukaa tu. Ndani ya hifadhi dai hilo usilitaje kabisa.

"Nalipa ushuru wa gulio kila wiki, kizimba ni changu." Risiti ya ushuru ni malipo ya kufanya biashara siku hiyo. Leseni ni ruhusa ya biashara. Vile vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa wafanyabiashara wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka vilikuwa kinga dhidi ya tozo za ovyo, havikumpa mtu kipande cha ardhi. Kama umejenga fremu ya tofali kwenye eneo la soko la kijiji, dai mkataba na halmashauri ya kijiji unaosema utakaa miaka mingapi na jengo litakuwa la nani baadaye. Wafanyabiashara wanaojenga bila mkataba ndio wanaolia siku soko linapohamishiwa barabarani.

"Pori lile halina mwenyewe." Linaye. Ama ni malisho, ama ni msitu wa kijiji, ama ni akiba ya watoto wa hapo, ama ni hifadhi. Nakiri kwamba sheria zenyewe zinagongana hapa: Sheria ya Ardhi inaingiza ardhi ya kijiji isiyotumika ndani ya tafsiri ya ardhi ya jumla, na maneno hayo yameleta migogoro tele. Ndiyo maana navisukuma vijiji vikamilishe mpango wa matumizi, ili kila bonde liwe na kazi yake kwa maandishi.

"Hapa palikuwa kwa babu kabla ya Operesheni Vijiji, nimekuja kuparudisha." Ugawaji wa ardhi uliofanyika chini ya operesheni ile ya kuwahamishia watu vijijini, kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, ulithibitishwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Makaburi ya babu yaheshimiwe. Shamba la aliyepewa wakati ule usiliguse.

"Baraza la kata lilinipa ushindi." Kama ni baada ya mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, halihukumu. Msipopatana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

"Hati iandikwe jina la mwanamume, ndiye kichwa cha nyumba." Hili hunitoa kwenye kiti. Aliyefyeka lile pori ni nani? Nimeona mashamba mangapi ambayo mama ndiye aliyeng'oa visiki akiwa na mtoto mgongoni! Fomu ina nafasi ya majina zaidi ya moja. Ninapokwenda kupima huwa naanza na swali hilo kabla sijashusha vifaa: mama yuko wapi, aje na yeye asimame kwenye kona ya shamba.