Kubana matumizi maana yake nini?

Kubana matumizi ni kuamua mapema hela yako isiende wapi, ukiwa bado unayo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtu aliyefulia akalala na uji hajabana chochote, amebanwa. Dhana hii inamhusu mwenye kipato, kiwe kidogo au kikubwa, anayeyaacha baadhi ya manunuzi anayoyaweza kwa sababu kuna jambo analitaka zaidi: ada ya Januari, kiwanja Nala pembezoni mwa Dodoma, kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba anaitaka kwa mkupuo, au hata kufika siku ya mshahara tu bila kupitia kwa mkopeshaji.

Watu wengi huichanganya na kufunga mkanda. Mwaka 1979, vita ya Kagera ilipokwisha, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita na mikanda haikulegea, ikafika katikati ya miaka ya 80 watu bado wanapanga foleni ya sukari na sabuni. Pale hakukuwa na cha kuchagua, maana hata mwenye hela alikuta rafu za duka ni tupu. Mfano wa karibu zaidi ni wa mwishoni mwa 2015. Rais Magufuli alikuwa ndiyo kwanza ameapishwa, na sehemu kubwa ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya tafrija ya wabunge hapa Dodoma ikaelekezwa kununua vitanda vya Hospitali ya Muhimbili. Wiki chache baadaye sherehe za Uhuru za Desemba 9 zikageuzwa siku ya usafi. Siasa zake kila mtu ana maoni yake, ila kama mfano wa dhana umekaa vizuri: hela ilikuwepo, ikatolewa kwenye jambo moja ikapelekwa jingine. Hapo pa kupeleka ndipo watu wengi wanapopasahau. Ukiacha soda wiki nzima na ile hela ikayeyuka kwenye bando, hujabana, umebadilisha duka.

Na ubahili je? Tofauti yake ni rahisi kuiona ukitazama nani anaumia. Mwenye kubana matumizi anaanza na ya kwake. Mwenye mkono wa birika anaanza na ya wenzake. Baba anayepunguza hela ya mboga inayoachwa asubuhi huku bia zake za Ijumaa ziko palepale habani matumizi, anabana watu. Vivyo hivyo bosi anayemcheleweshea dada wa kazi mshahara halafu anajiita mtu wa mahesabu.

Tatizo kubwa lipo kwenye kutenganisha cha lazima na kisicho cha lazima. Tumezoea kuorodhesha vitu: chakula lazima, nguo mpya si lazima, simu si lazima. Orodha ya namna hiyo haifanyi kazi, kwa sababu kitu kilekile kinabadilika kutoka nyumba hadi nyumba. Bando la mwezi kwa kijana wa bodaboda anayeitwa na wateja wake kwa simu ni chombo cha kazi. Kwa jirani yake anayelimalizia kwenye video fupi hadi saa saba usiku ni starehe, na hakuna ubaya, mradi ajue kwamba ni starehe. Mimi naona swali linalosaidia ni hili: nikikiahirisha kitu hiki kwa mwezi mmoja, nini kitaharibika? Dawa ya presha ikiahirishwa, mtu anaweza kufa. Kiatu cha shule kikiahirishwa, mtoto anachekwa. Kochi likiahirishwa, mgeni atakalia kiti cha plastiki kama alivyokalia mwaka jana.

Sasa, ukisikia watu wanashauriana kuhusu kubana matumizi, utasikia chipsi mayai, saluni, nyama choma ya mnada wa Msalato. Hayo yapo, na mtu anayeshinda mnadani kila Jumamosi anajijua. Lakini kwa kaya nyingi za Dodoma, kuanzia Chang'ombe hadi Nkuhungu, hela haivujii kwenye anasa. Inavujia kwenye vitu vya lazima kabisa vinavyonunuliwa kwa vipimo vidogo.

Chukua mafuta ya kula. Tuko katikati ya nchi ya alizeti, mashine za kukamua zimejaa kuanzia Kibaigwa hadi Singida, na bado jioni utakuta watoto wamepanga mstari dukani kwa Mangi na vikombe mkononi. Tuseme kipimo cha shilingi 500 ni mililita 80, na nyumba inanunua kimoja kila siku. Mwezi ukiisha ni 15,000 kwa lita 2.4, yaani zaidi ya 6,000 kwa lita. Kama dumu la lita tano mashineni ni 25,000, lita moja ni 5,000. Tofauti ni kama elfu tatu kwa mwezi, kwa mafuta peke yake. Rudia hesabu hiyo kwenye mkaa wa kopo dhidi ya mkaa wa gunia, kwenye sukari ya robo, kwenye sabuni ya unga ya pakiti ndogo, kwenye kutoa hela kwa wakala elfu tano tano wakati makato ya kutoa elfu ishirini mara moja ni nafuu kuliko kutoa mara nne. Hapo hujaacha kula kitu chochote.

Mama anayeachiwa elfu tano kila asubuhi atakuambia, na ana haki, kwamba dumu la 25,000 atalitoa wapi. Ndiyo maana ushauri wa kununua kwa jumla unawafaa zaidi wenye mshahara kuliko wenye kibarua. Lakini upo mlango mdogo: usianze na vyote. Mwezi huu gunia la mkaa, pengine kwa kugawana na jirani, na kile kilichokuwa kinaenda kwenye makopo kinakusanywa kwa ajili ya dumu la mwezi ujao. Majirani wa nyumba za kupanga wanafanya hivi sana, na mchezo wa kupeana wa watu watano au sita mara nyingi una kazi hiyohiyo. Tahadhari moja: dumu likiwa jikoni, mkono unalegea. Aliyekuwa anakaangia kwa kijiko sasa anamimina. Wenye uzoefu huchukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, wanaijaza Jumapili, na dumu linarudi uvunguni. Chupa ikiisha Alhamisi, mchuzi wa Ijumaa ni wa kuchemsha.

Umeme nao una siri yake. Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, zinazozidi zinauzwa kwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Sasa fikiria nyumba ya wapangaji wanne wenye mita moja. Kila mmoja peke yake huenda hafikishi hata uniti 30, ila kwa pamoja wameshatoka kwenye bei nafuu, na ugomvi wa kila wiki ni nani ana friji. Hakuna kuzima taa kutakakofidia hilo. Kama mwenye nyumba anakubali, mita ya pili ina faida kuliko mahubiri. Na kwa maharage, yanayokula mkaa mwingi, sufuria la umeme la presha linayaivisha bila kumaliza uniti moja. Kulinunua ni hela nyingi siku moja, na hapo tunarudi kwenye ileile shida ya mkupuo.

Maji ni hadithi fupi zaidi. Mji unategemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe, mgao ni kitu cha kawaida, na bomba likikauka unanunua kwa mkokoteni. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Zidisha bei ya dumu la mtaani kwako kwa 50 uone. Pipa au tanki la kukingia maji siku yanapotoka linaweza kuwa manunuzi ya busara kuliko yote utakayofanya mwaka huu, ingawa siku unalilipia utaonekana mfujaji.

Kuna upande mwingine ambao haupati nafasi kwenye mazungumzo haya: vitu vinavyokuwa rahisi. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi kuanzia 2016, watumishi wengi waliacha familia Dar es Salaam. Kwa basi, safari ilikuwa ya kuchosha, mtu anakwenda mwisho wa mwezi. Julai 2024 treni ya SGR ikaanza kufika Dodoma, daraja la kawaida shilingi 31,000, safari ya saa chache tu. Bei nzuri, na hapo ndipo penye mtego. Kwenda na kurudi ni 62,000, na ukienda kila Ijumaa, wiki nne ni 248,000, hujahesabu bodaboda za kwenda na kutoka stesheni wala zawadi za watoto. Simwambii mtu asiende kuona familia yake, hilo kwake ni la lazima kuliko kochi. Ninachosema ni kwamba nafuu ya bei haimaanishi matumizi yamepungua. Ofa za simu na bidhaa za punguzo zinatukamata kwa njia hiyohiyo.

Kwenye chakula, huku kwetu tuna bahati ambayo wageni huchelewa kuigundua. Mlenda mkavu, ule unaochumwa kipindi cha mvua, ukaanikwa na kusagwa, unauzwa kwa bei ndogo pale soko la Majengo na unakaa miezi bila friji. Unachemsha maji na magadi kidogo, chumvi, unatia unga wa mlenda, unakoroga, ukipenda unaongeza nyanya au karanga za kusaga. Mkaa wa kuivisha ugali ukibaki, unatosha na mlenda. Wapo wanaouona ni chakula cha dhiki, hasa waliokuja na mshahara. Lakini siku tatu za mlenda kwa wiki zinalipia kuku wa Jumapili, na Mgogo hatauonea aibu hata siku moja.

Michango ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na sitajidai nina dawa. Harusi, send-off, kipaimara, msiba, kadi zinaingia kwenye simu bila kubisha hodi. Ukiacha yote, siku ukifiwa utazika na ndugu wa tumbo moja tu. Ukitoa yote, utaishia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ambayo mtu anachukua laki moja na baada ya wiki chache kiti na runinga vinabebwa. Msiba sidhani kama unapaswa kuguswa. Sherehe ndizo zinazohitaji kiwango: kiasi fulani kwa mwaka mzima, kikiisha kimeisha, na unamwambia mwenye shughuli mapema. Kinachoudhi watu zaidi ni kuahidi laki na kutoa elfu kumi. Elfu kumi iliyotolewa siku ya kwanza wanaipokea vizuri.

Lipo pia suala la mipaka. Kubana matumizi hakuzalishi hela. Wazee wa Ugogo wanaitaja njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Kaya zilizokuwa na nafaka na ng'ombe hazikuponywa na uangalifu wao, kwa sababu majeshi ya vita ya kwanza ya dunia, ya Wajerumani na ya Waingereza, yalichukua chakula, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Mwenye kipato kisichofika hata kwenye chakula cha mwezi hahitaji kufundishwa kubana, anahitaji kipato. Kumhubiria ni kumdhihaki.

Kwa aliye na chochote cha kuhamisha, Dodoma ina majira yake. Mvua ni msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na mavuno yanaanza kuingia Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti magunia yanajaa kwenye soko la nafaka la Kibaigwa na bei inashuka. Ikifika Januari na Februari, ghala nyingi za nyumbani zimeisha, bei inapanda, na inakutana na ada za shule. Kwa hiyo zile elfu tatu za mafuta na kilichookolewa kwenye mkaa kina mahali pa kwenda: gunia la mahindi au mtama la Julai. Mtama na uwele hukaa vizuri zaidi. Mahindi yanataka mfuko wa kinga njaa, ule wenye plastiki mbili kwa ndani, kwa sababu dumuzi hamsubiri mtu. Yakaushwe vizuri kwanza, kila plastiki ifungwe peke yake, halafu mfuko usifunguliwe ovyo, maana hewa ikiingia wadudu wanaamka. Wa kula sasa uwekwe kando, na huo wa Januari upelekwe chumba ambacho watoto hawachezi na panya hawapiti.