Je, wajua kwa nini duka la vitabu vya watoto hutandika mkeka?

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye duka moja la vitabu vya watoto ninalolifahamu mjini Morogoro, kitu cha kwanza kutolewa nje ni mkeka. Mwenye duka ni mwalimu mstaafu, na watoto wa mtaa mzima humwita Bibi. Huukung'uta vumbi, huutandika barazani, kisha hupanga juu yake vitabu ishirini hivi. Ndipo anarudi ndani kufungua madirisha na kutafuta chenji. Watoto wanakuja makundi makundi, wanaamkia, wanavua ndala, wanakaa. Wapo wanaosoma mpaka saa sita mchana wakaondoka bila kununua hata penseli.

Mpita njia mmoja aliwahi kuniuliza: "Hivi huyu mama anauza au anagawa?" Ni swali la haki. Muuza mchele hakupi kilo ukapike, ushibe, kisha uamue kama utanunua. Mbona muuza vitabu aruhusu bidhaa yake iliwe barazani?

Jibu linaanzia kwenye swali jingine, ambalo mwenye duka la vitabu hulisikia karibu kila siku. Mzazi anaingia, anachukua kitabu cha hadithi, anakifunua, picha inamfurahisha. Halafu anauliza: "Hiki kimo kwenye orodha ya shule?" Kikiwa hakimo, kinarudi rafuni.

Mzazi huyo hana kosa. Biashara ya vitabu kwetu imegawanyika pande mbili, kiada na ziada. Kitabu cha kiada kinatakiwa na mwalimu, na mtoto asiye nacho anaonekana darasani. Januari ikifika orodha inatoka shuleni: madaftari ya mistari, madaftari ya hesabu, kalamu, karatasi za kaki za kufunikia, pengine na ufagio. Orodha hiyo ndiyo inayouza, mwenye duka anahesabu tu na kufunga mzigo. Kitabu cha ziada hakimo kwenye orodha yoyote. Hakuna aliyemtuma mtu kukinunua, na mtoto ambaye hajawahi kufurahia hadithi ya kusoma hawezi kukililia kama anavyolilia mpira. Kwa hiyo mwenye kuuza vitabu vya hadithi ana kazi ambayo muuza madaftari hana: inambidi ampate kwanza mtu wa kukitaka kitabu. Mtu huyo anapatikana mkekani.

Tazama jinsi vitabu vyenyewe vinavyopangwa. Ndani ya duka la Bibi hukuti vitabu vimesimamishwa vikikuonyesha migongo kama kwenye maktaba. Vimening'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, jalada mbele. Sababu ni mbili. Mtoto wa miaka sita huchagua kwa macho. Akimwona fisi aliyevaa kanzu amekwisha kuchagua. Tena vingi vya vitabu hivi ni vyembamba, vimebanwa pini mbili katikati, havina mgongo wa kuandikia jina. Ukivisimamisha rafuni vinapotea. Ila kupanga hivyo kunakula nafasi. Ukuta ambao ungebeba vitabu mia tatu unabeba arobaini, nao unalipiwa kodi ya pango ileile. Na kama kamba iko karibu na dirisha, jua linaanza kula majalada: njano na nyekundu hufifia kwanza, fisi anabaki wa buluu. Bibi huzungusha vitabu kila wiki kwa sababu hiyo.

Wembamba wa vitabu nao una asili yake. Kiwandani huchapwa karatasi kubwa, kisha hukunjwa. Ikikunjwa mara moja unapata kurasa 4, mara mbili kurasa 8, mara tatu kurasa 16. Ndiyo maana vitabu vya watoto hupenda kuwa na kurasa 16, 24 au 32. Ukihesabu kurasa za kitabu cha mwanao huenda usikute 19. Rangi zote unazoziona hutokana na wino wa aina nne, na kila wino una sahani yake ya kuchapia. Mchoraji, mhariri na sahani hizo hulipwa gharama moja, ukichapa nakala 500 au 5,000. Ukichapa chache, kila nakala inabeba mzigo mkubwa. Ukichapa nyingi, bei inashuka lakini hujui kama zitanunuliwa. Hapo ndipo kitabu cha kurasa 24 kinapomshangaza mzazi kwa bei yake. Analipia hofu ya mchapishaji pamoja na karatasi.

Kuna mradi uliowahi kuigusa hofu hiyo yenyewe. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulimhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala za kitabu kizuri cha Kiswahili itanunuliwa na kupelekwa kwenye maktaba za shule, na zilizobaki aziuze mwenyewe. Kwa uhakika huo vitabu vingi vilizaliwa ambavyo visingezaliwa. Mimi nauheshimu sana mpango ule, kwa sababu haukumwondoa muuzaji njiani.

Sasa hesabu ya mkeka. Tuchukue kitabu cha shilingi 5,000, na duka limepewa punguzo la asilimia 30. Duka linalipa 3,500 na kubaki na 1,500 kwa kila nakala. Bibi akichukua nakala tano, moja anaitoa kafara mkekani. Hiyo itashikwa na mikono yenye embe, itakunjwa masikio, haitauzika. Zikiuzwa nne, anaingiza 20,000 na alilipa 17,500. Faida ni shilingi 2,500 badala ya 7,500. Ukiishia hapo utamwambia akunje mkeka wake.

Lakini ile 7,500 ni ya kwenye karatasi. Kitabu ambacho hakijulikani kinaweza kukaa kambani mwaka mzima, na hela iliyolala humo hailipi umeme. Kitabu kilichosomwa mkekani kinatembea. Mtoto anakwenda nacho nyumbani kichwani, anamsimulia mdogo wake, anakatizwa kwenda kulala kabla hajamaliza, wiki ya pili anamvuta mama mkono. Nimeyaona haya kwa macho. Mama mmoja aliingia na karatasi ya orodha mkononi, binti yake akamwelekeza kwenye kamba na kumsomea ukurasa wa kwanza papo hapo, kidole kikifuata maneno. Mama akasikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Akamtazama Bibi. "Huyu amejua lini kusoma hivi?" Akanunua viwili, na daftari moja likaahirishwa.

Swali la mama yule linanigusa, na Kiswahili chenyewe kina sehemu katika jibu lake. Lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa. Irabu ni tano, hazibadiliki. Mtoto akishamaliza ba be bi bo bu na kuzoea mw, nj, sh na ng', anaweza kulitamka karibu kila neno la Kiswahili, hata asilolijua. Hiyo ni neema kubwa. Ila kutamka hakujawa kusoma. Mtoto anayedonoa silabi, "a-li-po-m-ka-ri-bi-a", akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo. Kinachomvusha hapo ni wingi wa maandishi: kurasa nyingi, rahisi, zenye kisa cha kumfanya atake kujua kilichofuata. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza Tanzania mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na ulifanya vyema. Lakini kitabu kimoja cha darasani, tena cha kushirikiana dawati zima, hakina kurasa za kutosha kumfikisha mtoto kwenye wepesi. Kurasa hizo ziko kwenye ziada.

Duka linakuwaje mahali pa kujifunzia mtaa mzima, siyo watoto peke yao? Saa nne Bibi anapiga makofi na kuita, "Hadithi, hadithi!" Wanaitika, "Hadithi njoo!" Anasoma kwa sauti, anasimama penye utamu, anauliza kitakachotokea. Nyuma ya watoto huwa wamekaa akina mama na dada wa kazi waliowasindikiza. Mmoja wao hakupata shule. Alianza kwa kushika kitabu na kusimulia picha, na Bibi hakumsahihisha hata siku moja. Baadaye akawa anaomba aonyeshwe neno hili na lile. Darasa la watu wazima lingemwandikisha jina na kumkalisha mbele ya ubao; hapa anajifunza akiwa amekuja tu kumsindikiza mtoto.

Nani analipia yote haya? Madaftari. Katika maduka mengi ya aina hii, mauzo ya Januari, kutoa kopi, na vifaa vya shule ndivyo vinavyobeba pango. Baadhi ya wachapishaji wadogo hutoa vitabu kwa mali kauli: duka linachukua leo, linalipa baada ya kuuza, na visivyouzika vinarudi. Hapo mzigo wa hofu unagawanywa. Bibi pia huwaendea walimu wa chekechea kabla ya mahafali na kuwashawishi zawadi ziwe vitabu. Na kwa ajili ya mkeka, huchapa baadhi ya hadithi za African Storybook, mradi ulioweka hadithi za watoto mtandaoni kwa leseni huru, Kiswahili kikiwemo. Anazitoa kopi za rangi nyeusi, anazibana pini, watoto wanazipaka rangi wenyewe. Nakala hizo zikichanika haziumi.

Zamani mbeba mzigo mkubwa alikuwa kitabu cha kiada. Hatua za miaka ya karibuni zimepunguza biashara hiyo. Nchini Kenya, sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16, kisha kuanzia 2018 serikali ikawa inanunua vitabu vya kiada vya shule za umma moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni bila kupita dukani. Watoto wengi walipata vitabu kwa njia hiyo, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini faida ya kiada ndiyo iliyokuwa ikikiweka kitabu cha hadithi dirishani. Tanzania nayo ilipoirudisha kazi ya vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu, wachapishaji binafsi walipoteza soko walilolitegemea. Duka likikosa kiada, ama linageuka la madaftari na kopi, ama linaamua kulea wasomaji wake lenyewe.

Kulea huko si jambo la kwetu tu. Mwaka 1966 John La Rose, mtu wa Trinidad, na Sarah White walianzisha New Beacon Books jijini London, duka na nyumba ya uchapishaji kwa pamoja. Wakati huo watoto wengi wenye asili ya visiwa vya Karibi walikuwa wakipelekwa kwenye shule za watoto waliohesabiwa kuwa wazito wa akili, wakati tatizo lilikuwa shule zenyewe. Mwaka 1969 La Rose alifungua nyumbani kwake shule ya George Padmore, na Waingereza shule za namna hiyo huziita kwa neno lenye maana ileile ya neno letu, shule za ziada. Mwaka 1971 New Beacon ilichapa kijitabu cha Bernard Coard kilichoeleza dhuluma hiyo waziwazi, na wazazi wakakisambaza. Kwa ndugu zao wa Bogle-L'Ouverture, nyumba nyingine ya vitabu ya London, uzi unafika mpaka kwetu: mwaka 1972 walishirikiana na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam kutoa kitabu cha Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 1978, mashariki mwa London, kituo cha wazazi wa Newham kilifungua duka la vitabu kama sehemu ya kazi yake ya elimu. Duka hilo lipo.

Ukiyatazama maduka hayo na la Bibi, hakuna aliyeanza kwa kuuliza ni kitabu gani kinauzika. Walianza na watoto waliokuwa mbele yao.

Biashara haisahauliki hata hivyo, na hapa kuna jambo nililochelewa kulielewa. Nilidhani nakala zilizochanika mkekani ni hasara ya kuvumilia. Jumamosi moja, mkeka ulipokunjwa, nilimwona Bibi akizipanga mezani kuanzia iliyochakaa kabisa hadi iliyo safi. Iliyo safi ilikuwa na jalada zuri kuliko zote, nami ndiye niliyemchagulia Bibi kitabu hicho kwa mchapishaji. Iliyochakaa ilikuwa ya fisi: pini moja imeng'oka, ukurasa wa kati umeshikizwa kwa selotepu mara mbili, pembe zimekuwa laini kama kitambaa. Bibi akavaa miwani, akafungua daftari lake la maagizo, akaandika: Fisi, nakala kumi. Kile changu akakiandikia sifuri, akakirudisha mkekani kwa wiki moja zaidi.