Ngazi, Jua na Panzi: Yanayosemwa Kuhusu Modeli za Parameta, na Yalivyo

Kila Jumamosi asubuhi huwa nina vijana saba au wanane katika chumba cha ghorofa ya tatu pale Ngara, Nairobi, tukijifunza kuunda modeli za parameta kwenye kompyuta. Wengi wanasomea usanifu majengo, mmoja ni fundi wa vyuma, mwingine ni mshonaji nguo. Kila kundi jipya huja na maneno yaleyale liliyoyasikia huko nje, na kabla hatujachora mstari wa kwanza inabidi tuyapekue.

"Ni mtindo wa majengo yaliyojikunja"

Hili ndilo sugu kuliko yote. Mtu akisikia parameta, anaona jengo lililojipinda kama shuka iliyotupwa kitandani. Sababu ipo: mwaka 2008 Patrik Schumacher, mshirika wa Zaha Hadid, alitangaza kwamba kuna mtindo mpya wa usanifu unaotokana na kazi hii, na tangu hapo picha za majengo ya namna hiyo zimetapakaa kila mahali.

Lakini parameta ni kipimo tu unachoweza kukibadilisha, na modeli ya parameta ni mchoro unaokumbuka jinsi vipimo vyake vinavyotegemeana. Aliyeelewa kabla ya wote ni yule mshonaji. Alisema mchoro wa kawaida ni gauni lililokwisha kushonwa, ila hii ni ile akili ya kukata kitambaa: kifua kikiongezeka, bega na kwapa vinajua la kufanya. Sijapata maelezo bora zaidi, na nimeyatumia mara nyingi bila kumlipa.

Kwa hiyo zoezi letu la kwanza halina mkunjo hata mmoja. Ni ngazi ya nyumba. Kutoka sakafu hadi sakafu ni milimita 3,000. Tunakubaliana kwamba kidato (cha ngazi, si cha shule) kisizidi kimo cha milimita 175. Gawanya, unapata 17 na ushei. Hakuna ushei wa kidato, basi tunapandisha hadi 18, na kila kimoja kinakuwa na kimo cha milimita 166.7. Halafu inakuja kanuni ya zamani ya wajenzi: kimo mara mbili, ujumlishe na kina cha mahali pa kukanyagia, ifike kama milimita 620. Kina kinatoka 286.7. Kidato cha mwisho ni ile sakafu ya juu yenyewe, kwa hiyo tunahesabu vina 17, na ngazi nzima inakula milimita 4,873 za sakafu.

Sasa sakafu ya juu ishuke hadi 2,800. Vidato vinakuwa 16 kamili, na urefu wa ngazi 4,050. Hapo nawaambia waondoe mikono kwenye kipanya na kuandika kwenye karatasi: tukiongeza milimita moja tu, ikawa 2,801, ngazi itarefuka kwa kiasi gani? Karibu wote huandika "hata haitaonekana." Kisha wanasukuma slaida, kile kitelezi cha skrini kinachobadilisha kipimo, na ngazi inaruka hadi 4,648. Sentimita 60 kwa ajili ya milimita moja! Kijana mmoja alikuwa ameweka mlango wa choo pale ngazi inapoishia; ukamezwa mzima mbele ya macho yake. Lile 16.006 limepandishwa hadi 17, kidato kimeongezeka, kimo kimepungua, na kina kimetanuka kufidia. Kila kitu kimetii tulichokiandika. Sisi ndio tulikuwa hatujui tumeandika nini.

"Ni jambo la juzi, la kompyuta"

Hapana. Antoni Gaudí alitundika nyuzi na vifuko vya risasi kwa ajili ya kanisa la Colònia Güell karibu na Barcelona. Ukigusa uzi mmoja, wavu wote unajipanga upya, na ukiupindua kichwa chini miguu juu unapata matao yanayosimama. Luigi Moretti, msanifu Mwitaliano, alionyesha Milan mwaka 1960 modeli za viwanja vya michezo vilivyoumbwa na vigezo kama pembe ya mtazamaji. Na kompyuta yenyewe haikuchelewa sana: mwaka 1963 Ivan Sutherland alikuwa na programu ya Sketchpad, ambamo unachora mistari kwa kalamu ya nuru na kuiamuru ibaki sambamba.

Karibu na nyumbani kuna kiondo. Msusi huanzia kitako, na kadiri kinavyopanuka huongeza nyuzi ili nafasi zisiachane. Akiacha kuongeza, kuta zinaanza kusimama. Idadi ya nyuzi ndiyo inayotoa umbo. Mama aliyeshika kiondo mapajani hajawahi kuliita jambo hilo parameta, na hana haja.

"Bila hesabu nzito na pesa nyingi, sahau"

Hesabu unazohitaji mwanzoni ni za kugawanya, masalio, uwiano na pembetatu. Nzito zitakuja zikihitajika, na wengine hawazihitaji kamwe.

Kuhusu pesa, nusu ni kweli. Rhino, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, hulipiwa, ingawa unapewa siku 90 za kuijaribu ikiwa kamili. Ndani yake ndimo anamoishi Grasshopper, zana ya kuundia modeli za parameta, ambaye darasani tunamwita Panzi. Kazi hiyo ya David Rutten ilianza mwaka 2007 kwa jina jingine, na tangu toleo la 6 la Rhino mwaka 2018 inakuja ndani ya pakiti. Asiye na hela anatumia Blender, ambayo ni ya bure na tangu toleo la 2.92 la mwaka 2021 ina nodi za kuunda maumbo, yaani visanduku vya amri unavyoviunganisha kimoja na kingine. Au FreeCAD, nayo ni bure. Kompyuta kuukuu inatosha, mradi uheshimu orodha, yaani uhesabu ni vitu vingapi unavyoviunganisha. Mwanafunzi wangu aliunganisha nukta 200 na nukta 200, kila moja kwa kila moja. Hiyo ni mistari 40,000. Laptopu ikavuma kama mashine ya kusaga unga, kisha ikanyamaza kimya.

"Fuata video mpaka mwisho, utajua"

Utajua kufuata video. Nalisema hivi bila chuki, maana mimi mwenyewe nilipoteza karibu mwaka nikiiga nodi moja baada ya nyingine. Nilikuwa na faili nyingi za kupendeza, na sikuweza kuanza hata moja kutoka kwenye ukurasa mtupu.

Kijana mmoja alileta modeli ya ofisi yenye vibao vya kukinga jua, safi kabisa, aliyoinakili kutoka kwenye somo la mtandaoni. Vibao vyote viko upande wa kusini. Upande wa kaskazini, kioo kitupu. Nikamuuliza jua la saa sita mchana mwezi Juni liko wapi hapa Nairobi. Akatazama dirishani kana kwamba limesahau kutuaga. Aliyetengeneza somo lile anaishi mahali kama London, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko digrii 1.3 kusini mwa ikweta: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, na miezi iliyobaki liko kusini.

Tukaligeuza kuwa zoezi. Dirisha lina kimo cha mita 1.5, na juu yake kibao cha kutia kivuli. Jua linapofika mbali zaidi kaskazini mwezi Juni, adhuhuri huwa kwenye pembe ya digrii 65 hivi juu ya upeo wa macho: kibao kinataka sentimita 69. Desemba, upande wa kusini, ni digrii 68: sentimita 61. Hapo wote wakapumua, kazi imeisha. Nikasema geuzeni dirisha litazame magharibi, mwezi Machi, saa mbili kabla ya jua kuzama. Digrii 30. Kibao kikatoka nje mita 2.6, baraza zima la kuning'inia hewani! Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba magharibi panataka vibao vya kusimama wima, au dirisha dogo, au mti.

Kisha yule fundi wa vyuma akauliza swali ambalo modeli haikuwa nalo: Julai, sote tukiwa ndani ya sweta, nani anataka kulizuia jua? Tukalazimika kuandika upya tunachotafuta.

Mazoezi ya majaribio ndiyo hayo. Watu huyaita mchezo kwa sababu hayaishii kwenye picha ya kutundika ukutani. Mimi huwataka wanafunzi watabiri kwanza, wasukume slaida, kisha waivunje modeli makusudi: watie sifuri, watie namba hasi, watie milioni. Panzi hubadilika rangi, chungwa akionya na nyekundu akikwama, na hiyo nyekundu humfunza mtu kuliko saa nzima ya sauti yangu.

"Kompyuta itachagua iliyo bora"

Itachagua kile ulichoomba. Panzi ana kifaa kinachoitwa Galapagos, kinachozalisha majibu, kuyachuja na kuyachanganya kizazi baada ya kizazi kikitafuta namba moja iliyo kubwa au ndogo kuliko zote. Tulikiomba kipunguze jua sakafuni, basi. Kikaziba dirisha.

"Ikionekana kwenye skrini, inajengeka"

Tulikuwa na kizuizi cha jua chenye vibao 180 vya bati, kila kimoja na pembe yake kati ya digrii 20 na 70, kikifuata jua la magharibi kama wimbi. Tuliringa nacho wiki nzima. Tukakipeleka Kamukunji kwa fundi wa bati, nyundo zikilia kila upande hadi unazungumza kwa kupiga kelele. Akaangalia karatasi, akaifunua ya pili, ya tatu.

"Injinia, hizi ni aina ngapi?"

"180."

Akanirudishia karatasi kwa adabu.

Tulirekebisha tukiwa tumesimama palepale, laptopu ikiwa juu ya sanduku la bati. Gawanya pembe kwa 10, isukume hadi namba kamili iliyo karibu, zidisha tena kwa 10. Ni binamu wa hesabu ya ngazi, na safari hii tuliijua ilivyo. Aina zikashuka kutoka 180 hadi sita, na lile wimbi kwenye skrini likabaki wimbi. Ilibidi uliangalie kwa karibu sana kuona vipandio vyake.

Fundi akachukua chaki, akachora pembe sita sakafuni, akaita kijana alete karatasi ya bati.

"Sasa," akasema, "tuongee bei."