Kambi ya uandishi ni nini, na je, inamkuza mwandishi?

Kambi ya uandishi ni muda ambao mwandishi anaacha shughuli zake za kila siku na kwenda kukaa mahali palipoandaliwa ili aandike. Inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa miezi miwili. Chakula kinapikwa na mtu mwingine, hakuna wa kumtuma dukani, na simu za kazini zimezimwa. Nyingine hulipiwa na wafadhili, nyingine mwandishi hujilipia mwenyewe.

Zipo za aina mbili, na watu wanapobishana kama kambi zinasaidia, mara nyingi kila mmoja anazungumzia aina yake.

Aina ya kwanza ni ya upweke. Mfano unaojulikana sana ni MacDowell, katika jimbo la New Hampshire, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1907 na mpiga piano Marian MacDowell pamoja na mumewe Edward, mtunzi wa muziki. Kila msanii hupewa kibanda chake msituni. Mchana, kapu la chakula huachwa mlangoni bila hodi, ili anayefanya kazi asikatizwe. Ndani ya vibanda kuna vibao vya mbao ambavyo waliokaa humo huandika majina yao kabla ya kuondoka. James Baldwin, mwandishi Mmarekani, ni mmoja wa waliowahi kukaa MacDowell. Hapo hakuna mwalimu wala somo. Unachopewa ni muda.

Aina ya pili ni ya kufanya kazi pamoja. Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za Waafrika tangu mwaka 2000, ilianza kuandaa warsha zake mwaka 2003, na zimekuwa zikihama nchi hadi nchi; mwaka 2017 ilikuwa Tanzania, mwaka uliofuata Rwanda. Waandishi kumi na kitu hivi hukaa pamoja siku kumi au zaidi kidogo, kila mmoja akitakiwa kuandika hadithi moja. Hadithi hizo husomwa na kujadiliwa zikiwa bado mbichi, mbele ya wenzao na waandishi wazoefu wanaowaongoza, kisha hutolewa kitabuni.

Kambi ya upweke humsaidia mtu ambaye tayari ana mswada na anajua unakwenda wapi, ila hana nafasi. Kwa wanawake wengi msaada huu si mdogo hata kidogo. Mwandishi mwenye watoto, kazi ya ofisini na wakwe wanaokuja Jumamosi anaweza kukaa na sura ya nne mwaka mzima. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, kimewahi kuwaalika wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika waje kukaa na kuandika, na naamini ni moja ya mambo ya maana sana yaliyofanyiwa fasihi katika eneo letu. Lakini muda peke yake humaliza kitabu tu. Mtu anayeandika mazungumzo mabovu nyumbani atayaandika mabovu vilevile kando ya ziwa, tena mengi zaidi.

Kukua kunatokea pale ambapo msomaji mkali anaifikia kazi kabla haijakauka. Tuseme mwandishi amekuja kambini na hadithi ya mama lishe anayedaiwa na wenzake wa kikoba. Ukurasa wa kwanza wote ni mvua ya masika: mawingu, tope, mabati yanavyolia. Jioni anausoma kwa sauti. Akimaliza, mmoja anauliza, "Anadaiwa shilingi ngapi?" Mwandishi hana jibu, hakuwahi kulifikiria. Mwingine anamwambia kwamba akili ilimhama kwenye mvua, ikarudi mlango ulipogongwa. Usiku ule mwandishi anaifuta mvua yote na kuanzia mlangoni: deni la laki tatu, marejesho ya wiki mbili hayajalipwa, mweka hazina amesimama kizingitini, na maharage jikoni yameanza kuungua. Sasa msomaji anataka kujua kitakachofuata. Na mwandishi huyo, akianza hadithi nyingine miezi sita baadaye, atajiuliza kuhusu kiasi cha deni kabla hajaulizwa na mtu.

Pwani yetu haikusubiri wafadhili ili ilijue hili. Washairi wa Kiswahili wamekuzana kwa muda mrefu kwa kujibizana, kwanza barazani na kwa nyaraka, baadaye katika kurasa za magazeti kama Mambo Leo. Aliyekosea mizani au vina aliambiwa hadharani, na kwa beti. Riwaya na hadithi fupi zetu hazikupata kabisa ukali wa namna hiyo. Mwandishi wa nathari huandika peke yake, humpelekea mchapishaji, na maoni ya kwanza anayoyapata huwa ni ndiyo au hapana.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo: nyingi ya kambi zinazofanyika Afrika Mashariki huendeshwa kwa Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili akialikwa, analazimika kujadili kazi yake katika lugha ambayo hakuiandikia, na tatizo la sentensi yake ya Kiswahili halipati wa kulitazama. Kabla ya kuomba nafasi au kulipa ada, uliza mambo mawili: nani atakayesoma kazi yangu, na ataisoma katika lugha gani? Kama jibu la yote mawili ni la kubabaisha, unanunua likizo. Likizo ni nzuri, ila iite hivyo.

Anayekosa nafasi au nauli ana njia nyingine. Mtafiti wa Scotland, Rowena Murray, ameeneza miongoni mwa wanataaluma kambi ambayo wote huandika katika chumba kimoja, kwa vipindi vya dakika 60 hadi 90, bila intaneti. Kabla ya kuanza, kila mmoja humweleza jirani yake anachokusudia kuandika. Wakimaliza, wanaelezana walipofika. Watu wanne wanaweza kufanya hivyo Jumamosi katika darasa la shule lisilotumika, na saa ya mwisho wakasomeana kurasa mbili mbili. Daftari, chupa ya chai, na mmoja wa kuweka saa vinatosha.