Mawingu ya Aktiki huja, ila huchelewa

Wanafunzi wangu hapa Kampala huniuliza swali moja karibu kila mwaka: ikiwa barafu ya Bahari ya Aktiki inayeyuka na kuacha maji wazi, je, mvuke wa maji hayo hautazaa mawingu mengi yatakayoikinga na jua barafu iliyobaki? Nalipenda swali hili, kwa kuwa kasoro yake imo katika majira tu.

Barafu yenye theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali bahari iliyo wazi hurudisha takriban asilimia 6. Ni tofauti ya mabati mapya na lami. Kwa hiyo wingu lililo juu ya theluji halikingi mengi, kwani mwanga huo ungerudishwa hata lisipokuwepo. Linalobaki kwake ni kuzuia joto lisipotee, jambo analolijua kila aliyelala Kabale, mji wa milimani wenye baridi, usiku wa mawingu na usiku wa anga tupu.

Juu ya maji wazi, kivuli cha Juni na Julai kingefaa kweli. Lakini wakati huo maji yanakaribia nyuzi 0, na hewa inayopita juu yake mara nyingi ina joto zaidi, hivyo tabaka la chini hutulia na mvuke haupandi. Setelaiti za kuchunguza mawingu, CloudSat na CALIPSO, zilizorushwa Aprili 2006, zilithibitisha hayo: kiangazi, maji wazi hayakuongeza mawingu; mawingu yaliongezeka majira ya baridi yalipokaribia.

Wavuvi wa Ziwa Viktoria hawahitaji setelaiti kulielewa hilo. Mchana anga la ziwani mara nyingi huwa safi. Usiku, maji yakiwa na joto kuliko hewa itokayo nchi kavu, ngurumo huanzia huko huko majini. Septemba na Oktoba Aktiki huwa katika hali inayofanana na usiku huo. Jua limekwisha kuinama, kwa hiyo kivuli hakina faida tena, bali wingu hurudisha joto chini, bahari huchelewa kuganda, na barafu iliyochelewa kuanza huwa na muda mfupi wa kunenepa.

Mawingu mengi ya huko, isitoshe, hubeba matone ya maji yasiyoganda hata chini ya nyuzi -20, na matone hayo hutoa mionzi ya joto zaidi kuliko fuwele za barafu. Kwa miaka mingi modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa ya dunia, ziliyagandisha matone hayo mapema mno.