Kabla Mwili Haujadungwa Fomalini

Kijana kanywa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, jioni huko mtaa wa Nyalenda, usiku akalalamika haoni vizuri, alfajiri akakata roho. Kwa kuwa mazishi yatasubiri ndugu walioko Nairobi na Mombasa, jamaa wakifika mochari huulizia kwanza dawa ya kuhifadhi mwili. Hapo ndipo ushahidi unapopotea.

Dawa hiyo, fomalini, kwa kawaida hutiwa methanoli ili isigande. Na methanoli ndiyo sumu tunayoitafuta kwenye pombe iliyochakachuliwa: ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Ilipoua makumi ya watu nchini Mei 2014, baadhi ya walionusurika walipofuka. Mwili ukishadungwa, maabara ikipata methanoli haitajua imetoka kwenye glasi au kwenye sindano, na wakili wa muuza pombe atalishikilia hilo mpaka kesi ife.

Kwa hiyo pigeni ripoti polisi kwanza, na mhudumu wa mochari aombwe auweke mwili kwenye friji tu. Daktari atachukua damu kwenye mshipa wa paja. Ya moyoni hudanganya, kwa sababu baada ya kifo dawa huvuja kutoka kwenye ini na mapafu zikazidisha kiwango kinachopimwa. Atachukua pia mkojo, kipande cha ini na maji ya jicho. Familia nyingi hushtuka zikisikia jicho, ila hutolewa kwa sindano nyembamba na uso unabaki ulivyo. Maji hayo yako mbali na bakteria wa tumboni, ambao mwili ukianza kuoza hutengeneza pombe yao wenyewe. Asiyelijua hilo anaweza kumwita mlevi mtu ambaye hakuwahi kuonja.

Majibu ya Mkemia wa Serikali, yaani maabara inayopima sampuli hizo, yenye tawi hapa Kisumu, hayaji siku hiyo hiyo. Wakati huo chifu atataja idadi yake ya waliouawa na pombe hiyo, na redio yake. Sahihi ni kusema "wanashukiwa" kufa kwa sumu. Kinachoniudhi zaidi ni cheti cha kifo kinachosema "moyo na mapafu yalishindwa". Ni nani aliyekufa moyo ukaendelea kupiga? Kifo kilichoandikwa hivyo hakihesabiwi kuwa cha sumu, na mtaa wa pili wanaendelea kunywa kutoka mtungi ule ule.

Na kama mwili umeshadungwa? Bado pigeni ripoti, na mwambieni daktari ulidungwa lini. Chupa iliyobaki nyumbani msiimwage: ifungeni vizuri, mpeni polisi.